Maswali yenu: utandawazi, mitumba na kahawa ya wazee

Nilisema wanaopinga utandawazi sio wajinga, basi mmenijia juu. Najibu machache.

Si wanataka turudi kwenye vibatari? (Jinja)

Hapana. Hili nimelijibu mara tatu jamani, muwe mnasoma. Simu wanaitaka kama wewe, wanachokataa ni kupangiwa maisha na watu ambao hawakuwapigia kura.

Wazungu ndio wanakula, mbona na wao wanapinga? (Lira)

Wazungu gani? Seattle kule Marekani 1999, waliofunga barabara kuzuia mkutano wa WTO, lile Shirika la Biashara Duniani, walikuwa vyama vya wafanyakazi na watu wa mazingira, kilio chao viwanda vinahamia kwenye mishahara midogo. 2016 Waingereza wakapiga kura kutoka Umoja wa Ulaya, na 2018 Trump akasimama Umoja wa Mataifa akasema huo ushirika wa dunia nzima anaukataa, yeye na uzalendo. Mmoja analilia kazi, mwingine hataki wageni. Usiwaweke gunia moja.

Mitumba ni nafuu, shida yako nini? (Mbale)

Nafuu kweli, hata shati nililovaa ni la Owino, soko la mitumba la Kampala. Ila mamangu alikuwa na cherehani barazani Tororo, anashona magauni ya gomesi na yunifomu za shule, foleni mpaka Krismasi. Belo za mitumba zilipojaa sokoni akabaki kupunguza viuno vya suruali za watu wanene wa ulaya na kubadilisha zipu, na hakuna aliyekuja kumuuliza. Sasa sikia, 2016 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana mitumba iishe ifikapo 2019, Marekani wakatishia kutuondoa AGOA, ule mlango wa kuuza kwao bila ushuru, sisi Uganda na Kenya na Tanzania tukanywea, Rwanda wakakaza na 2018 wakafungiwa upande wa nguo. Yaani wewe kufungua soko ni lazima, kufunga ni kosa. Alafu 2023 rais wetu Museveni akiwa hapo hapo kwenu Mbale akatangaza mitumba marufuku, nenda Owino kesho asubuhi uone belo zinavyokatwa kamba.

Serikali nayo inawapinga mabeberu, mko pamoja? (Gulu)

Siku wakubwa wakianza kutibiwa Mulago, hospitali yetu ya taifa, badala ya kukimbilia nje, niulize tena.

Baba anasema zamani kahawa ililipa. Ni kweli? (Masaka)

Nusu kweli. Mpaka Julai 1989 nchi zinazouza na zinazonunua zilikuwa na makubaliano, kila muuzaji ana kiwango chake, yalipovunjika bei ya dunia ikaanguka karibu nusu, na mkulima wa Masaka alilisikia kwenye mzani tu. Ila mzee akumbuke pia bodi ya kahawa ilikuwa inampa kidogo na kwa kuchelewa, soko huria la miaka ya 90 ndio liliongeza fungu la mkulima, hilo silifichi. Na wewe kijana, acha kuuza kahawa ikiwa bado ua kwa sababu ya ada ya shule. Hata ikiiva usiuze mbichi, anika ikauke iwe kiboko, yaani kahawa kavu yenye maganda, anayekufuata shambani na mzani wake hajaja kukuonea huruma.

Na wewe wa Mukono na ile app ya kuwekeza dola, mara ya nne sasa: ni wezi, pesa kaa nayo.