Shairi Lisome kwa Sauti Kwanza

Kitabu nilikinunua kwa shilingi 150 kwa muuza vitabu vya mitumba aliyetandaza turubai kando ya barabara, karibu na soko la Kibuye. Jalada limechanika na kurasa mbili za mwisho hazipo. Ni Sauti ya Dhiki cha Abdilatif Abdalla. Nilikifungua kwenye shairi liitwalo "Siwati", na wiki nzima nikadhani Siwati ni jina la mtu.

Shuleni, hapa hapa Kisumu, shairi lilikuwa swali la mtihani tu: hesabu mizani, taja vina, andika ubeti wa tatu kwa lugha ya nathari. Basi nikakaa na kalamu nikahesabu. Mizani ikatimia, vina vikatimia, na moyoni hakikuingia kitu.

Aliyenifungulia njia ni fundi cherehani jirani yangu, mzaliwa wa Mombasa. Nilimpelekea sketi ya kupunguzwa nikiwa na kitabu mkononi. Akasimamisha cherehani, akapangusa mikono, akasoma kwa sauti, polepole, karibu na kuimba. "Mama, siwati ni siachi," akaniambia. "Kwetu Mvita kuacha ni kuwata, macho ni mato, kucheka ni kuteka." Akaanza upya. Safari hii kila neno hilo liliporudi lilizidi kukaza, kama mtu apigaye fundo juu ya fundo. Sketi tuliisahau.

Ndiyo maana nakusihi: ukikutana na mshairi mgeni kwako, weka kalamu chini. Soma kwa sauti mara tatu, hata kama maneno mengine hayakuelei. Kisha mtafute mtu wa lahaja ile akusomee. Kamusi itakupa maana ya neno, lakini pumzi ya mshororo utaipata kinywani mwa mtu.

Habari za mshairi nilizijua baadaye, na nashukuru zilichelewa. Mwaka 1968, akiwa na miaka 22, aliandika waraka wa "Kenya: Twendapi?" akiikosoa serikali na kukitetea chama cha upinzani cha KPU. Akafungwa miaka mitatu. Mashairi aliyaandika gerezani kwenye karatasi za chooni, yakatolewa kwa siri, yakachapishwa 1973. Mwaka uliofuata kitabu kikapata tuzo yenye jina la Jomo Kenyatta, rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga. KPU kilikuwa chama cha Jaramogi Oginga Odinga! Huku kwetu jina la Jaramogi halikauki midomoni, na bado nilikuwa mtu mzima kabla ya kusikia kwamba kijana wa Mombasa alifungwa kwa ajili ya jambo hilo hilo. Hilo linaniuma mpaka leo.

Kuhusu kutoa maoni juu ya shairi, mjomba wangu anayevua samaki ziwani, huko Dunga, ndiye aliyenifunza. Nilimsomea "Mamba", shairi la kitabu hicho hicho, kwa simu, nikiwa tayari kumweleza kwamba mamba ni fumbo la mtawala mwenye kiburi. Hakuningoja. "Mamba ana nguvu akiwa majini," akasema. "Mtoe nchi kavu umwone." Nilinyamaza. Alikuwa amemsoma mamba wa kweli, na mtawala nikamwona vizuri zaidi kuliko nilivyomwona mwenyewe. Tangu siku hiyo siulizi mtu kama shairi ni zuri. Namtumia ubeti mmoja kwa sauti kwenye WhatsApp, namwuliza ni neno gani lililomshika.

Fundi nami hatukubaliani kuhusu mashairi huru. Yeye anashikilia kwamba pasipo vina hapana shairi, ni mazungumzo yaliyokatwa mistari. Mimi nilimsoma mshairi wa Tanzania, Kezilahabi, katika kitabu chake Kichomi, hana vina na ananitikisa. Tumebishana Jumamosi nyingi, na kila mmoja lazima aonyeshe mshororo anaousemea. Asiye na mshororo hana hoja.

Nakala kamili ya Sauti ya Dhiki bado naitafuta. Nikiipata, hii yenye jalada lililochanika ni ya fundi.