Umaksi wa Austria: walikuwa wa Lenin au wa Bernstein?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Kwenye notsi zetu "Umaksi wa Austria" umetajwa mstari mmoja tu. Hawa jamaa walikuwa upande wa Lenin au wa Bernstein, na waliishia wapi?

JIBU: Marahaba. Hawa walikuwa wanajamaa wa Austria waliomfuata Karl Marx, na hawakuwa wa yeyote kati ya hao wawili, tena walitaniwa sana kwa hilo: mwaka 1921 walipounda umoja wao wa vyama pale Vienna watu wakaubatiza Intanesheno ya Mbili na Nusu, maana ile ya Pili, umoja wa wanajamaa wa mageuzi, walisusa, na ya Tatu, ya wakomunisti wa Moscow, hawakuitaka. Bernstein, mwanajamaa wa Ujerumani, alisema tuachane na habari za mapinduzi tupiganie mabadiliko kidogo kidogo, Lenin, kiongozi wa mapinduzi ya Urusi, ye anataka kushika dola sasa hivi, kina Otto Bauer, Max Adler, Hilferding na Karl Renner wao wakasema Marx tunaye ila njia ni kura na chama kimoja kikubwa kisichopasuka.

Mi ninachowapendea zaidi ni suala la mataifa. Dola ya Habsburg, yaani Austria-Hungaria ya zamani, ilikuwa na Wajerumani, Wacheki, Wapolandi na wengine kibao wamechanganyikana kiasi kwamba huwezi kuchora mpaka. Renner mwaka 1899, halafu Bauer 1907, wakasema utaifa umfuate mtu siyo ardhi, kama dini tu, ukihama mtaa hubadilishi dini. Yaani Mcheki anayefyatua matofali Vienna anajiandikisha daftari la Wacheki, shule ya wanae inasimamiwa na baraza la Wacheki, ila jeshi na uchumi vinabaki vya dola nzima. Stalin alikaa Vienna wiki chache mwaka 1913, akaandika kulishambulia hilo wazo.

Dola ikavunjika 1918, mwaka uliofuata wakashika jiji la Vienna. Hapo ndo utawaona kwa macho. Mtu wao wa fedha, Hugo Breitner, alitokea benki, akapiga kodi anasa na nyumba za kifahari, hela ikajenga fleti zaidi ya 60,000. Jengo la Karl-Marx-Hof peke yake, lililofunguliwa 1930, lina urefu unaozidi kilomita, fleti 1,382, na ndani yake chekechea, maktaba na sehemu ya kufulia ya pamoja.

Kosa lao? Kungoja. Programu ya chama chao iliyopitishwa mjini Linz 1926 ilisema nguvu zitumike pale tu mabepari watakapovunja demokrasia, maneno mazuri, lakini Machi 1933 Kansela Dollfuss akafunga bunge na Bauer, kiongozi wao, bado anatafuta maelewano, wakati chama kina wanamgambo wake kabisa, Schutzbund. Februari 12, 1934 watu wa Linz wakachoka wakaanza kupigana bila kusubiri ruhusa yake, Vienna ikafuata, jeshi likaleta mizinga mpaka Karl-Marx-Hof. Siku chache mambo yakaisha, chama kikapigwa marufuku, Bauer akakimbilia Chekoslovakia akafia Paris 1938. Renner alibaki, 1945 akawa rais. Na zile fleti bado watu wanaishi, kodi ya pango wanalipa kwa jiji.