Azima kwanza, usinunue makasha

Ndugu yangu, umeuliza uanzie wapi wakati vitu vimejaa hadi mlango wa kabati haufungi, na kama maktaba inaweza kukusaidia. Inaweza sana. Ikiwa maktaba yenu inatumia mpangilio wa Dewey, yaani namba zinazopanga vitabu kwa mada, nenda rafu ya 640, usimamizi wa nyumba. Usafi na utunzaji wa nyumba uko 648. Azima kitabu kimoja tu. Ukinunua utaongeza mzigo uleule unaoukimbia.

Tarehe ya kurudisha iwe ndiyo kikomo chako: droo moja kila jioni. Tandika shuka kuukuu kitandani, mwaga vyote juu yake: chaji zisizo na simu, funguo zisizo na kufuli, risiti zilizofifia hata hazisomeki. Rudisha unachotumia tu. Nasema kitandani makusudi, maana hutalala mpaka umalize.

Vitabu ndivyo vigumu zaidi kuachana navyo, naelewa kabisa. Kabla ya kuvibeba, uliza kama maktaba inapokea. Nyingi hukataa vyenye ukungu au kurasa zilizochanika. Riwaya uliyokwisha kuisoma impate msomaji mwingine. Ukiikumbuka, utaiulizia palepale maktaba.