Je, neno la Kislavoni la sakitu lilitokana na chumvi?

Swali: Kwa Kiserbia, mojawapo ya lugha za Kislavoni, "slana" ni sakitu, na neno hilohilo, likiwa kivumishi cha jinsi ya kike, lina maana ya "yenye chumvi". Sakitu nayo hutanda majanini nyeupe kama chumvi. Je, asili yao ni moja?

Jibu: Hapana, ingawa kufanana huko kumewavutia wengi. Maneno haya yalikuwa mbalimbali tangu mwanzo, kisha mabadiliko ya sauti yakayakutanisha.

Neno la sakitu hurejeshwa katika Kislavoni Mame, lugha ya kale iliyozaa lugha zote za Kislavoni, kama *solna, nyota ikionyesha kwamba umbo hilo halikupatikana katika maandishi bali limekisiwa kwa kulinganisha lugha. Mfuatano wa "ol" unatokana na kanuni inayojulikana vizuri: kichwa ni "glava" kwa Kibulgaria, "golova" kwa Kirusi na "galva" kwa Kilithuania, lugha iliyo jamaa ya Kislavoni, na kwa namna hiyohiyo "slana" ya lugha za Kislavoni za kusini inalingana na "šalna" ya Kilithuania, yenye maana ileile ya sakitu.

Ushahidi wenyewe umo katika konsonanti ya kwanza. Katika Kislavoni, s ya kale iliungana na sauti nyingine, k iliyotamkwa kwenye kaakaa gumu, zote mbili zikawa s. Kilithuania hakikuziunganisha: s ya kale ilibaki s, kama katika "solymas", maji ya chumvi, ilhali ile k ikawa š. Kwa kuwa sakitu ni "šalna", shina lake lilianza kwa k, na chumvi haiwezi kuwa mzazi wake. Kilatvia, kwa bahati mbaya, hakifai kuitwa shahidi hapa, kwani nacho kilizichanganya sauti hizo na kina "salna" kwa sakitu na "sāls" kwa chumvi.

Kiajemi, jamaa wa mbali wa lugha hizi, kinathibitisha hoja hiyo kwa njia yake. Huko s ya kale mbele ya irabu iligeuka h, ndiyo maana saba ni "haft" wakati Kilatini kina "septem". Lakini baridi, neno la shina hilohilo la sakitu, ni "sard", kwa s, jambo linalowezekana tu ikiwa sauti ya asili ilikuwa ile k ya kaakaa.

Shina lenyewe bado li hai katika kitenzi cha Kilithuania "šalti", kuganda kwa baridi, na kiambishi -na ndicho kilichounda nomino kutokana nalo.