Kwa mnaoanza somo la Ulaya: kabla hamjaandika tena kuhusu 2005

Nimemaliza kusahihisha insha za muhula wa kwanza, na zaidi ya nusu zimebeba sentensi ile ile waliyoiandika waliowatangulia: "Mwaka 2005 Wafaransa na Waholanzi waliikataa Ulaya." Wanazungumzia kura za maoni za mwaka ule, ambapo nchi hizo mbili zilisema Hapana kwa Mkataba wa Katiba, yaani mkataba uliokusudiwa kuupa Umoja wa Ulaya katiba. Wadogo zangu, nawapenda, na najua mmekesha. Lakini sentensi hiyo sitaki kuiona tena. Haya hapa ya kufanyia kazi.

1. Someni Mkataba wa Katiba wenyewe. Najua una ibara 448. Anzeni na Sehemu ya Kwanza, kisha mkae na ya Tatu, maana huko ndiko ugomvi ulikolala.

2. Mahakama ya Strasbourg ni ya haki za binadamu na iko chini ya Baraza la Ulaya la mwaka 1949, ambalo si chombo cha Umoja wa Ulaya. Mahakama ya Umoja iko Luxembourg. Kila mwaka kuna mmoja wenu anayeihamishia Strasbourg kesi ya Costa dhidi ya ENEL, iliyoamuliwa Luxembourg, na kila mwaka nairudisha kwao kwa wino mwekundu.

3. Matokeo ya kura ya maoni si maelezo ya kura ya maoni. Hapa tukae kidogo.

Nilimsimamia mwanafunzi mmoja, hodari kweli, aliyejenga tasnifu nzima juu ya sentensi ile. Takwimu zake zilikuwa sahihi: Ufaransa, 29 Mei, Hapana asilimia 54.7; Uholanzi, 1 Juni, Hapana asilimia 61.5. Siku ya utetezi mtahini akamuuliza swali moja tu: "Laurent Fabius naye aliikataa Ulaya?" Kijana akanyamaza. Iliniuma kumtazama, kwa sababu kazi ya miezi mingi ilibomoka pale pale, na jibu lilikuwa kwenye magazeti ya mwaka ule.

Fabius alikuwa waziri mkuu wa zamani na msoshalisti. Desemba 2004 wanachama wa chama chake walipiga kura ya ndani, upande wa Ndiyo ukashinda, yeye akaendelea kupigania Hapana. Hakutaka Ufaransa itoke popote. Alidai Ulaya inayolinda wafanyakazi zaidi, na wengi wa mrengo wa kushoto waliona maandishi yale yanatanguliza soko: ushindani huru usiopotoshwa ulitajwa hadi kwenye malengo ya Umoja. Upande mwingine wa Hapana hiyo hiyo walisimama wanasiasa wa mrengo wa kulia, Philippe de Villiers na Jean-Marie Le Pen, wakizungumzia mamlaka ya taifa na Uturuki, ambayo miezi michache nyuma ilikuwa imekubaliwa kuanza mazungumzo ya kujiunga. Kambi hizi mbili hazikuwa hata zinasalimiana. Ukizijumlisha utapata asilimia moja, sababu moja huipati.

Halafu kuna yaliyoingia kwenye kampeni bila kuwemo kwenye katiba. Rasimu ya sheria ya kufungua soko la huduma kati ya nchi wanachama, ya kamishna wa Umoja wa Ulaya Frits Bolkestein, ya mwaka 2004, haikuwa sehemu ya mkataba. Lakini kutokana nayo akazaliwa yule fundi bomba wa Kipoland, anayekuja kufanya kazi Ufaransa kwa masharti ya kwao. Watalii waliitwa kwa jina lake: bodi ya utalii ya Poland ilitoa bango la fundi bomba kijana mtanashati, akisema yeye anabaki Poland, wao waje kwa wingi. Chekeni, kisha mrudi kwenye daftari, kwa sababu hofu ya ajira haikuwa mzaha. Ukosefu wa kazi Ufaransa ulikuwa unakaribia asilimia 10, na katika uchunguzi wa Eurobarometer (kura za maoni ya umma za Umoja wa Ulaya) baada ya kura, ajira ndiyo sababu iliyotajwa zaidi na waliosema Hapana. Uholanzi sababu iliyoongoza ilikuwa kukosa taarifa za kutosha. Na katika uchunguzi huo huo, karibu Wafaransa tisa katika kila kumi walisema uanachama wa nchi yao ni jambo jema. Iwekeni takwimu hiyo kando ya "waliikataa Ulaya" muone kama vinakaa pamoja.

Na msiwafute waliosema Ndiyo. Hispania mwezi Februari ilikubali kwa asilimia 77 hivi, ingawa zaidi ya nusu ya wapiga kura hawakujitokeza. Luxembourg ilikubali kwa asilimia 56.5 mwezi Julai, baada ya kishindo cha Paris na The Hague.

4. "Katiba ilikufa" ni nusu ya habari. Mkataba wa Lisbon, uliochukua nafasi yake, ulisainiwa Desemba 2007 ukaanza kutumika 1 Desemba 2009. Jina la katiba liliondolewa, pamoja na ibara ya bendera na wimbo. Kilichobaki ni kingi: rais wa Baraza la viongozi, nguvu ya kisheria ya Hati ya Haki za Msingi, na uamuzi wa nchi wanachama kwa wingi maalumu, yaani asilimia 55 ya nchi zenye asilimia 65 ya watu. Safari hii ni Waireland pekee walioulizwa. Wakakataa Juni 2008, wakapewa dhamana kadhaa, wakakubali Oktoba 2009. Mimi naamini kwa dhati katika umoja wa Ulaya, na kwa sababu hiyo hiyo naona kuupitisha mkataba huo kwenye mabunge ya Ufaransa na Uholanzi badala ya kuwarudia wapiga kura kuliacha kidonda. Mnaweza kunipinga. Nipingeni kwa hoja.

5. Msikimbilie kuandika kwamba Afrika Mashariki inaiga Brussels. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa 1999 unalitaja shirikisho la kisiasa waziwazi kama hatua ya mwisho. Ulaya, lengo la shirikisho liliondolewa kwenye rasimu ya Mkataba wa Maastricht, uliounda Umoja wa Ulaya, mwaka 1991 kwa shinikizo la Uingereza. Kwa hilo sisi tumeandika walichoogopa kuandika wao, ingawa mwaka 2017 marais wetu walikubaliana kuanza na konfederesheni, muungano legelege zaidi wa nchi zinazobaki na mamlaka yao.

Mkitaka ulinganisho wenye uzito, someni mabishano ya Dieter Grimm na mwanafalsafa Jürgen Habermas ya mwaka 1995 kuhusu kama Ulaya inahitaji katiba. Grimm, wakati huo jaji wa Mahakama ya Katiba ya Ujerumani, alisema Ulaya haina uwanja mmoja wa mjadala wa umma, na kikwazo kikubwa ni kukosa lugha ya pamoja. Katiba ingesimama bila watu wa kuibeba. Habermas akajibu kwamba uwanja huo unaweza kukua kutokana na kazi yenyewe ya kutunga katiba. Sasa ichukueni hoja ya Grimm muilete Mombasa, Bujumbura na Goma, ambako watu wanaweza kubishana kwa Kiswahili bila mkalimani. Je, inadhoofika, au kuna kikwazo kingine alichokiona ambacho lugha haikiondoi? Insha ya pili iwe juu ya hilo.