VETA au mashine?

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Unauliza akiba ya karakana uitumie kuwapeleka wale vijana wawili wakasomee ufundi chuo cha VETA, au ununue mashine mpya ya kukereza. Hesabu zako nimezipitia, ziko sawa. Ila mimi sitaanzia kwenye bei.

Habari ya gia ya mjomba wako umeisikia, lakini sidhani kama kuna aliyekusimulia yote. Ilikuwa miaka ile baada ya vita vya Kagera. Fedha za kigeni hakuna, viwanda vingi nchini vinafanya kazi chini ya nusu ya uwezo wake. Nilikuwa karani wa stoo kwenye kiwanda cha nguo. Kila nikifungua leja, kwenye safu ya spea naandika "hakuna". Mashine za kufuma zimesimama mstari mzima. Mjomba wako, mtu wa darasa la saba, akachukua ekseli ya lori bovu, akakereza gia. Jioni mashine ikaamka! Wanawake wa zamu ya usiku wakapiga vigelegele, nami nikiwemo. Asubuhi mkuu wa ufundi akaamuru ing'olewe: haikutoka kwa watengenezaji, na aliyeichonga hana cheti. Mchoro wake, aliouchora kwa penseli nyuma ya fomu ya stoo, ukatupwa kwenye droo. Hakuna aliyemuuliza aliyapimaje yale meno. Mpaka leo nikikumbuka, moyo unaniuma.

Mtaji wa kwanza ni mtu. Umenisikia nikisema hivyo tangu unatambaa, na sijabadilika. Lakini kuna swali linanisumbua: nchi hii si ilisomesha? Mwaka 1977 shule za msingi zilifunguliwa kwa watoto wote, watu wazima wakakaa kwenye madarasa ya kisomo, na kufika miaka ya 1980 tuliojua kusoma na kuandika tulikuwa wengi kuliko katika nchi nyingi za Afrika. Na uchumi ukaanguka vilevile. Basi elimu haikufaa kitu? Hapana, hilo silikubali. Mafuta yalipanda bei, vita vilimaliza hazina. Shule ingezuiaje hayo? Ila si yote yaliyotoka nje. Gia ilikuwa pale, inazunguka. Ujuzi tulikuwa nao, wa kuupokea ndiye aliyekosekana.

Uliwahi kunieleza habari za Paul Romer, yule Mmarekani aliyepewa Nobeli ya uchumi mwaka 2018: kwamba mashine ikiwa kwako haiwezi kuwa kwa jirani, lakini wazo hata likitumiwa na watu elfu halipungui. Nilimwelewa papo hapo. Mchoro ule ungeweza kupelekwa Morogoro, Musoma, Dar es Salaam, popote penye mashine za aina ile, na mjomba wako asingepungukiwa chochote. Mtaji wa kwanza ni mtu, mwanangu, lakini mtu anayesikilizwa.

Sasa, VETA au mashine? Karakana ni yako, sitaki kukuamulia, ingawa ulimi unaniwasha. Kama ile mashine ya zamani bado inakereza vizuri... hapana, naacha. Kwanza niambie: yule kijana uliyemsifia siku ya Pasaka, aliyebuni kishikio cha kukatia mabomba, amewaonyesha wenzake namna ya kukitengeneza? Na je, umemwongezea chochote kwenye mshahara?

Mama yako