Waziri mkuu wa Kanada anaweza kuijaza Seneti watu wake?

Ndugu, anaweza, na imeshafanyika. Seneti ya Kanada, yaani baraza la juu la bunge, ina viti 105 na hakuna hata kimoja kinachopigiwa kura. Gavana Mkuu, mwakilishi wa mfalme, huteua kwa ushauri wa waziri mkuu, na seneta hukaa mpaka atimize miaka 75. Chama kikitawala muda mrefu, basi, kinamwachia anayekifuata baraza lililojaa wapinzani.

Ndivyo ilivyomkuta waziri mkuu Brian Mulroney wa chama cha Conservative mwaka 1990. Maseneta wa chama pinzani cha Liberal walikuwa wengi, wakaigomea kodi yake mpya ya bidhaa na huduma. Akafukua kifungu cha 26 cha katiba, kinachoruhusu kuongeza maseneta wa ziada na ambacho hakuna aliyekuwa amefanikiwa kukitumia kabla yake, akapata idhini ya Malkia Elizabeth na kuongeza maseneta 8 kwa mpigo. Kodi ikapita, japo wananchi waliichukia mno. Stephen Harper, waziri mkuu wa baadaye, yeye alienda kinyume: baada ya Machi 2013 hakuteua mtu tena, viti vikabaki wazi mpaka akaondoka.

Siku hizi wengi wanakaa kama maseneta huru. Januari 2014 Justin Trudeau, akiwa kiongozi wa Liberal, aliwatoa maseneta wa Liberal kwenye kundi la wabunge wa chama, kisha akiwa waziri mkuu akaunda bodi ya kupendekeza majina. Mimi bado sijashawishika sana. Bodi inashauri tu. Anayechagua jina la kumpelekea Gavana Mkuu ni yuleyule waziri mkuu.